Liverpool, mji wa bandari na vitabu vya hesabu

Safari hii twawapeleka mbali, Uingereza, upande wa kaskazini-magharibi, katika mji wa Liverpool. Vijana wetu walijua jina hilo kwa sababu ya mpira wa miguu, na wengine wanalitaja kila Jumapili mara watokapo kanisani. Babu zetu hawakupata kulisikia. Hata hivyo mji ule uliwagusa wao kuliko unavyotugusa sisi. Merikebu zake zilifika mpaka mdomo wa Mto Kongo, na katika ofisi zake karani mmoja aligundua siri ya mateso ya nchi yetu. Kwa hiyo haifai tuutazame mji huu kama wageni wanaoshangaa majengo tu. Na tuutembelee polepole, tukiuliza kila mahali: mali hii ilitoka wapi, na ni nani aliyeilipia?

Mto unaojaa na kupwa

Liverpool umekaa ukingoni mwa Mto Mersey, upande wa mashariki, karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Mfalme John wa Uingereza aliupa cheo cha mji mwaka wa 1207. Kwa muda wa karne nne na zaidi ulibaki mji mdogo tu, wa wavuvi, wakulima na watu wachache waliofanya biashara na Ireland, kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari.

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu au Ziwa Tanganyika tumezoea maji yanayotulia mahali pake. Mto Mersey si hivyo. Mara mbili kwa siku bahari hujaa ndani ya mto, na mara mbili hupwa. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita kumi, yaani kimo cha nyumba ya orofa tatu. Merikebu iliyoelea asubuhi penye gati, mchana ililala matopeni kama samaki aliyetupwa ufukoni. Kuipakua ilikuwa kazi ya taabu na ya hatari.

Basi wenyeji walimwita fundi mmoja, Thomas Steers, akawajengea hodhi kubwa la merikebu lenye malango. Lilifunguliwa mwaka wa 1715. Maji yakiwa juu, malango hufunguliwa na merikebu huingia. Kabla maji hayajapwa, malango hufungwa. Hapo mto hata ukikauka nje, merikebu huelea ndani, na wapakuzi hufanya kazi yao kwa utulivu. Hilo lilikuwa hodhi la kwanza la namna hiyo duniani lililojengwa kwa ajili ya biashara. Mwaka wa 1826 lilifukiwa, lakini kuta zake zipo hata leo chini ya maduka ya katikati ya mji. Baada yake yalijengwa mengine mengi, hata yakafuatana kando ya mto kwa kilomita kumi na mbili.

Lililo mashuhuri kupita yote ni Albert Dock, kazi ya fundi Jesse Hartley, lililofunguliwa mwaka wa 1846. Maghala yake yalijengwa kwa chuma, matofali na mawe, bila boriti za mbao, ili moto usiteketeze pamba na sukari zilizowekwa humo. Merikebu zilipozidi kuwa kubwa, hodhi hilo halikuzitosha tena. Likafungwa mwaka wa 1972, likajaa tope. Mwaka wa 1988 lilifunguliwa upya, na leo maghala yale ni nyumba za sanaa, maduka na mikahawa. Shehena siku hizi hupita Seaforth, karibu na bahari, ndani ya makontena, na mashine chache hufanya kazi iliyolisha zamani maelfu ya wapakuzi.

Karibu na hapo, penye kivuko, yasimama majengo matatu makubwa ya mawe meupe. Moja lao, Royal Liver Building, lilifunguliwa mwaka wa 1911, na juu ya minara yake miwili wamekaa ndege wawili wa shaba. Wenyeji husema kwa mzaha kwamba siku ndege hao watakaporuka, mji utakwisha. Mwaka wa 2004 shirika la UNESCO liliihesabu bandari hii miongoni mwa urithi wa dunia. Mwaka wa 2021 likaifuta, kwa kuwa majengo mapya yaliharibu sura ya kale. Hata ndege hawakuruka, wala mji haukwisha.

Watu wa Liverpool ni wacheshi, wasemaji, wenye lafudhi yao wenyewe iliyochanganya Uingereza na Ireland. Hupenda nyimbo: vijana wanne wa kundi la Beatles walitoka humo, wakaimba mara nyingi katika pango la Cavern kabla dunia haijawajua. Hupenda mpira: Everton iliundwa mwaka wa 1878 na vijana wa kanisa moja la Kimethodisti, na Liverpool mwaka wa 1892. Walipata pia msiba mkubwa wa mpira: mwaka wa 1989, katika kiwanja cha Hillsborough mjini Sheffield, watazamaji wa Liverpool walisongwa, na waliokufa kwa sababu hiyo ni 97. Jamaa zao walidai kweli miaka zaidi ya 25, mpaka mwaka wa 2016 baraza la kisheria lilipotamka kwamba marehemu waliuawa isivyo halali, na kwamba watazamaji hawakuwa na kosa. Ni watu wasiochoka kudai kweli. Tulikumbuke neno hilo, maana tutalikuta tena.

Dhambi ya mji

Mali ya kwanza ya Liverpool ilitoka wapi? Lazima tuseme bila kuficha: sehemu yake kubwa ilitoka katika kuuza watu. Mwaka wa 1699 merikebu iitwayo Liverpool Merchant iliondoka kwenda Afrika, ikafikisha Waafrika 220 katika kisiwa cha Barbados. Karne iliyofuata Liverpool ukaipita miji yote ya Uingereza katika biashara hiyo. Wataalamu wa historia wakadiria kwamba merikebu zake zilibeba Waafrika karibu milioni moja na nusu.

Safari ilikuwa na pande tatu. Kutoka Liverpool merikebu ilibeba nguo, bunduki, pombe na vyombo vya chuma. Pwani ya Afrika ilivibadilisha kwa watu, na pwani hiyo ilifika Loango, Cabinda na mdomo wa Mto Kongo. Huko Amerika watu waliuzwa, na merikebu ikarudi nyumbani na sukari, tumbaku na pamba. Faida haikubaki kwa wenye merikebu peke yao. Msuka kamba alipata, mwoka mikate ya mabaharia alipata, fundi wa minyororo alipata. Mji mzima ulikula katika sahani moja. Ukutani mwa jumba la mji, lililojengwa katikati ya karne ya 18, mpaka leo waonekana vichwa vya Waafrika na vya tembo vilivyochongwa, kana kwamba watu na pembe ni bidhaa za namna moja.

Lakini Mungu hauachi mji bila mashahidi. Kijana mmoja, Edward Rushton, alikuwa baharia katika merikebu ya watumwa. Ugonjwa wa macho wa kuambukiza ukazuka miongoni mwa mateka. Wengine waliogopa kushuka. Yeye alishuka tumboni mwa merikebu, akawapelekea maji na chakula. Alipata ugonjwa ule, akawa kipofu. Aliporudi, hakunyamaza. Aliandika mashairi na barua dhidi ya utumwa, hata kwa George Washington, rais wa Marekani, akimkemea kwa kuwa na watumwa. Alisaidia pia kuanzisha shule ya vipofu mjini Liverpool mwaka wa 1791. Mwingine ni William Roscoe, mbunge wa mji, aliyepiga kura mwaka wa 1807 ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa fujo, maana alikuwa amegusa mifuko ya jirani zake.

Mwaka wa 1999 baraza la mji lilitamka rasmi kwamba linaomba msamaha. Mwaka wa 2007 ikafunguliwa penye Albert Dock nyumba ya makumbusho ya utumwa, ambamo watoto wa shule walionyeshwa minyororo iliyotengenezwa na babu zao. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 ilifungwa kwa muda ili jengo litengenezwe na kupanuliwa. Msamaha hauwarudishi waliozama baharini. Lakini mwenye kuungama amekwisha kuanza njia ya kurudi. Ndivyo Kanisa linavyotufundisha sote.

Wageni wenye njaa

Katika miaka ya 1840 viazi vya Ireland vilioza mashambani, njaa ikaua watu wengi mno. Waliobaki na nguvu walipanda merikebu kuelekea Liverpool. Mwaka wa 1847 peke yake walishuka watu karibu 300,000, na mji wenyewe wakati huo haukuzidi sana hesabu hiyo. Wengine waliendelea mpaka Amerika. Maskini kuliko wote walibaki, wakalala katika vyumba vya chini ya ardhi, vyenye maji machafu, jamaa mbili au tatu katika chumba kimoja.

Tifusi, homa iletwayo na chawa, ikaingia. Wakatoliki waliokuwa wakifa walimwita padri, na padri alikuja. Ili asikie ungamo la mgonjwa, ilimlazimu ainame mpaka mdomoni pake. Mwaka ule mapadri kumi wa Liverpool walikufa kwa homa hiyo. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Patrisi limesimama jiwe la msalaba kwa ukumbusho wao. Sisi tuliowaona mapadri na masista wakibaki na wagonjwa siku za Ebola na siku za vita, twajua msalaba ule wasema nini.

Wala hawakuwa mapadri tu. Mama mmoja, Kitty Wilkinson, aliyezaliwa Ireland, alikuwa mfanyakazi maskini. Kipindupindu kilipofika mwaka wa 1832, yeye katika mtaa wake alikuwa na chombo kikubwa cha kuchemshia maji. Waganga walikuwa hawajajua habari za vijidudu, lakini mama huyo aliona kwamba nguo chafu huleta ugonjwa. Akawaita jirani wafue nguo na matandiko yao jikoni mwake kwa maji ya moto na dawa. Kwa ajili ya kazi hiyo mji ulifungua mwaka wa 1842 nyumba ya watu wote ya kufulia na kuogea, na baadaye yeye na mumewe wakawekwa kuisimamia. Leo sanamu yake iko katika jumba la St George's Hall, mahali palipowekwa zamani sanamu za wanaume tu. Akina mama wanaosoma gazeti hili waone: alianza na jiko na maji ya moto.

Padri James Nugent naye, mwana wa Liverpool, aliwaona watoto wa barabarani, wasio na viatu, wakiuza viberiti usiku. Aliwafungulia nyumba za kulala na shule, akawa pia padri wa wafungwa kwa miaka mingi. Alipokufa mwaka wa 1905, watu wa dini zote walichanga fedha kumsimamishia sanamu katikati ya mji.

Makanisa makuu mawili, barabara moja

Kwa sababu ya wageni hao, Liverpool ukawa mji wenye Wakatoliki wengi kuliko miji mingi ya Uingereza. Tena ukawa mji wa ugomvi wa dini. Wakatoliki na Waprotestanti walitupiana mawe siku za maandamano, na mwaka wa 1909 fujo ilizidi hata watu wakahama mitaa yao.

Leo mgeni huona makanisa makuu mawili juu ya vilima, yakitazamana. La Waanglikana, la mawe mekundu, lina urefu wa mita 189. Lilianzwa mwaka wa 1904, likamalizika mwaka wa 1978. Aliyelichora alikuwa Giles Gilbert Scott, naye alikuwa Mkatoliki, mwenye umri wa miaka 22 tu alipochaguliwa. La Wakatoliki limejengwa mahali palipokuwa zamani nyumba kubwa ya maskini, ambamo wengi wa Ireland walikufa. Mchoraji wake wa kwanza, Edwin Lutyens, alikuwa Mwanglikana. Alitaka kuba kubwa kuliko lile la Mtakatifu Petro huko Roma. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1933, lakini vita ikaja, na fedha za maskini hazikutosha. Ikamalizika sehemu ya chini ya ardhi tu. Ndipo Frederick Gibberd alipochora kanisa jingine, la mviringo, lenye altare katikati, na taji la vioo vya rangi juu yake. Liliwekwa wakfu siku ya Pentekoste, mwaka wa 1967. Waamini huizunguka altare kama watoto waizungukavyo meza ya mama yao.

Makanisa hayo mawili yameunganishwa na barabara moja iitwayo Hope Street. Jina hilo ni la mfanyabiashara mmoja wa zamani, lakini pia maana yake ni Matumaini. Siku ya Pentekoste, tarehe 30 Mei 1982, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliingia katika kanisa la Waanglikana, kisha akapita barabara hiyo kwenda kusoma Misa katika kanisa la Wakatoliki. Askofu Mkuu Derek Worlock na Askofu David Sheppard wa Waanglikana walifanya kazi pamoja miaka mingi kwa ajili ya wasio na kazi na wanaobaguliwa, na sanamu yao imesimama hapo njiani.

Karani na vitabu vyake

Katika barabara hiyo hiyo ya Hope Street kuna jumba la muziki liitwalo Philharmonic Hall. La kwanza liliungua mwaka wa 1933, likajengwa jingine mahali pale pale. Hapa na sisi Wakongo tusimame kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Elder Dempster ya Liverpool ilibeba shehena kati ya Antwerp na Dola Huru la Kongo, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II. Kampuni hiyo ilikuwa na karani mmoja, Edmund Morel, aliyezaliwa Paris mwaka wa 1873. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alitumwa mara kwa mara Antwerp kusimamia kazi ya merikebu. Hakuwa amefika Kongo. Alikuwa na vitabu vya hesabu tu.

Alisoma vilivyoingia: mpira na pembe za ndovu, kwa thamani kubwa sana. Akasoma vilivyotoka kwenda Kongo: bunduki, risasi na vifaa vya askari, na vitu kidogo sana vya kuwalipa watu. Akajiuliza: ikiwa watu wa Kongo hawapewi nguo, wala chumvi, wala fedha, wanaleta mpira kwa sababu gani? Jibu lilikuwa moja tu: kwa kulazimishwa na bunduki. Alimweleza mkuu wake, Alfred Jones, ambaye pia alikuwa konsuli wa Dola la Kongo mjini Liverpool. Maneno yake hayakupendeza. Mwaka wa 1901 Morel aliacha kazi, ingawa alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na mwaka wa 1903 akaanzisha gazeti lake mwenyewe Liverpool.

Mwaka ule ule Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda Mto Kongo, akaandika yale aliyoambiwa na wenyeji. Taarifa yake ilichapishwa mwaka wa 1904. Tarehe 23 Machi ya mwaka huo, watu zaidi ya elfu moja walikusanyika katika Philharmonic Hall, na chama cha kutetea Kongo kikaanza. Mwaka huo tena, Alice Harris, mmisionari Mprotestanti wa Baringa, alipiga picha ya Nsala, baba aliyekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyobaki baada ya walinzi wa mpira kumwua. Picha kama hizo zilionyeshwa makanisani na majumbani mwa mikutano, na watu walilia. Kwa upande wetu Wakatoliki, wengi walichelewa kusema; lakini Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alitoa mwaka wa 1906 kitabu cha kulaumu mambo yale. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha yote siku hiyo. Lakini siri ilikuwa imekwisha.

Morel hakuwa mtakatifu. Mwaka wa 1920 aliandika maneno ya aibu juu ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Aliyewatetea Waafrika mbali hakujua kuwaheshimu walipofika karibu. Na tumshukuru kwa mema aliyofanya, tukatae yale mabaya.

Neno kwa jamaa

Wazazi na wanafunzi, mji wa Liverpool watufundisha jambo moja. Faida ya dhuluma haifichiki milele, kwa sababu huandikwa mahali fulani: ukutani mwa jumba, katika jina la barabara, katika kitabu cha hesabu. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kusoma, na mwenye moyo wa kusema alichosoma. Rushton alipoteza macho, lakini hakunyamaza. Roscoe alisema akapokewa kwa fujo. Morel alisema akapoteza kazi.

Leo malori hutoka Kolwezi yamejaa shaba na kobalti, na kutoka milima ya Kivu hushuka mifuko ya madini mengine. Nayo huandikwa vitabuni, katika bandari za mbali, na makarani tusiowajua. Mwanafunzi anayeona uvivu kujifunza hesabu na akumbuke kwamba nchi yake iliwahi kutetewa na mtu aliyelinganisha safu mbili za tarakimu. Ajifunze vizuri, na kazini mwake asikubali kuandika uongo, wala kunyamaza mbele yake. Kisha aulize kama karani yule: ni kitu gani kinachotoka kwetu, na ni kitu gani kinachorudi?